Mtoto Aliyekatazwa Kucheka

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu mdogo wangu Foibe alipoota meno ya juu kwanza. Wa kwanza kujua alikuwa mama, maana ndiye aliyekuwa akimnyonyesha. Alishtuka, akamtoa mtoto titini, akapitisha kidole kwenye ufizi wa juu, kisha wa chini, kisha akarudia tena ule wa juu. Nilikuwa nimekaa karibu yake nikichambua mbaazi. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

"Hilda, funga mlango."

Ilikuwa mchana, na kwetu mlango haukufungwa mchana isipokuwa ndani kuna ugonjwa au ugomvi.

Sikuhitaji kuelezwa. Kijijini kwetu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde upande wa Newala, hata sisi watoto tulijua kwamba mtoto mchanga huanza na meno ya chini. Anayeanza na ya juu ni kigego, na kigego halelewi nyumbani. Akilelewa, kadiri jino linavyokua ndivyo watu wa nyumba ile wanavyokufa, baba yake akiwa wa kwanza. Tuliambiwa haya kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tulivyoambiwa tusitie mdomoni korosho mbichi kwa sababu zitatubabua. Tuliambiwa pia kwamba vigego hupelekwa bondeni, kuelekea mto Ruvuma, kwa kikongwe mmoja anayejua kuwasafisha. Sikuwahi kukutana na mtu aliyemwona kigego aliyerudi.

Tulikuwa Waanglikana tangu enzi za babu wa babu yangu, na baba alikuwa mmoja wa wasomaji wa masomo kanisani. Lakini hayo mawili, kanisa na habari za vigego, yalikaa nyumba moja bila kugombana. Jumapili tuliimba, na mtoto alipofika umri wa kuota meno, wanawake walewale tulioimba nao walikuja kumchungulia mdomoni.

Mama akaanza kazi ya kuficha. Asubuhi na jioni alimsugua Foibe ufizi wa chini kwa chumvi, akiyaomba meno ya chini yatoke upesi. Aliacha kwenda kwenye mikutano ya akina mama. Akitoka, alimbeba mtoto mgongoni huku amemfunika kanga mpaka kichwani, na mtu akitaka kumwona, mama alisema mtoto ana mafua.

Shida ilikuwa kwamba Foibe alikuwa mtoto wa kucheka. Alicheka akimwona kuku, alicheka upepo ukipeperusha nguo kambani, alicheka akiitwa jina. Na akicheka alifungua mdomo wote. Kwa hiyo mimi nilipewa kazi.

"Akicheka mbele ya watu, mgeuze begani," mama aliniambia. "Usimkemee. Mgeuze tu."

Nikawa namgeuza. Baada ya muda alianza kunitazama kwanza kabla ya kucheka, kama anayeomba ruhusa. Mtoto hajafikisha hata mwaka. Mpaka leo nikikumbuka macho yale hukosa raha siku nzima.

Aliyegundua alikuwa Bibi, mama yake baba. Kijijini walimwita Mama Danieli, kwa jina la baba yangu, mwanawe wa kwanza. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wetu. Asubuhi moja alikuja kuomba moto, akainama kumsalimia Foibe mkekani, na Foibe akamchekea mzima mzima. Mimi nilikuwa mbali na mkeka.

Bibi hakupiga kelele. Alinyooka polepole, akamgeukia mama.

"Tangu lini?"

"Juzi, mama."

"Usinidanganye, Mama Hilda. Hayo si meno ya juzi."

Mama akaanza kulia. Bibi naye akalia, jambo ambalo sikulitarajia, akakaa chini akiwa bado ameshika kigae chake cha kubebea moto. "Mtoto huyu asipopelekwa, nyumba hii italia," alisema. "Naijua habari hii. Naijua kuliko ninyi."

Baba aliporudi shambani alikataa. Alisema mtoto wake hapelekwi popote, na akamwomba mama yake asilitaje tena. Bibi alimshika mikono yote miwili akamsihi kama mtu anayemsihi askari. "Danieli mwanangu, nakuomba. Nakuomba kabla haijawa kesho." Baba alitoa mikono yake taratibu akaingia ndani.

Haikupita wiki. Maji kwetu yalikuwa ya kuhangaikia, na wakati wa kiangazi wanaume waliyafuata bondeni kwa baiskeli, wakazipandisha mteremkoni kwa kuzisukuma zikiwa zimejaa madumu. Baba aliteleza mahali ambapo alikuwa amepita maisha yake yote. Baiskeli na maji yake vilimwangukia, mfupa wa paja ukavunjika. Walimbeba juu ya kitanda mpaka barabarani, na kutoka hapo akapelekwa hospitali Newala. Nilimwona akipita. Midomo yake ilikuwa myeupe kama ya mtu aliyekula unga.

Watu waliokuja kutupa pole walikuwa wakimuuliza mama hali ya mgonjwa huku wanamtazama Foibe. Wengine hawakuvuka kizingiti. Habari kutoka hospitali zilikuwa mbaya: homa imepanda, jeraha limeingia uchafu, haijulikani. Siku moja nilimwona mama akimtazama mtoto naye akinyonya, na machoni mwake mlikuwa na woga. Alimwogopa. Mama yangu, aliyekuwa amemficha wiki zote zile, alimwogopa mtoto wake mwenyewe, na nikafahamu kwamba tumebaki bila mtu.

Baba mdogo Klementi akaitwa. Yeye alikuwa na pikipiki ya kubeba abiria kule Masasi. Alikuja, akaongea na Bibi uani kwake, na walipotoka mambo yalikuwa yameamuliwa. Foibe atapelekwa bondeni Jumamosi.

Wiki hiyohiyo shuleni tulikuwa na Mwalimu Anjela, dada kijana aliyehamia kwetu mwaka ule. Alikuwa anatufundisha jinsi viumbe wanavyozaliwa, wanavyokua, na wanavyofanana na wazazi wao. Alikuwa ameweka viwavi kwenye chupa dirishani, nasi tulikuwa tumewaona wakijifungia, tukadhani wamekufa, mpaka mmoja alipotoka kipepeo. Siku ile alituchezesha. Nani anaweza kukunja ulimi? Nani ana mwanya, na nani nyumbani kwao ana mwanya kama huo? Masikio ya mwenzetu Mathayo yalisimama kama ya babu yake, na darasa zima likacheka. Mimi nilicheka pia, nakumbuka, kwa sababu nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu.

Mathayo akanyoosha mkono, bado akicheka. "Mwalimu, na kigego anarithi kwa nani?"

Darasa likanigeukia. Wote walijua kwetu kuna nini. Nilitazama dawati.

Mwalimu hakucheka, wala hakumkaripia. Alisema, "Mimi niliota ya juu kwanza."

Mathayo akashusha mkono.

"Na mama yangu mdogo pia. Wazazi wangu wapo, wanalima. Meno hayajui kuua mtu, Mathayo. Ni kama masikio yako tu. Ukiyaona kwa mtoto, uliza vizuri, mara nyingi utayakuta kwa mtu mzima wa ukoo uleule. Ila watu huficha."

Nilikimbia mpaka nyumbani. Mama alinisikiliza amesimama, kisha akakaa. Alinifanya nirudie. Halafu akasema, kama anayejisemea, kwamba kwao Lupaso hakuna aliyeanza na ya juu, mama yake alihesabu meno ya watoto wote wa ukoo na angesema.

"Basi ni upande wa baba," nikasema.

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Baba mwenyewe hakuwa na namna ya kujua. Kati ya walio hai, mmoja tu ndiye angejua, na mke hamuulizi mama mkwe wake jambo la namna hiyo. Mama alijaribu. Mara mbili nilimwona akivuka uwanja kuelekea kwa Bibi, na mara mbili akarudi na ndoo aliyoichukua kama kisingizio.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimetumwa kuni. Niliporudi, pikipiki ilikuwa uani. Bibi alikuwa amekunja kanga mpya mkononi, ya kumbebea mtoto, na baba mdogo alikuwa akigonga mlango wetu.

"Shemeji, fungua."

"Sifungui," mama alisema kutoka ndani. Alikuwa ameuegemea mlango, sauti yake ilitokea palepale kwenye ubao.

"Kaka atakufa, shemeji. Unataka afe?"

"Basi tufe wote. Sifungui."

Akagonga tena kwa nguvu, na ndani Foibe akacheka. Alidhani ni mchezo. Kila Klementi alipogonga, mtoto alicheka, na kila alipocheka Bibi aliinamisha kichwa kama aliyepigwa. Baba mdogo akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama bawaba. Nilijua anataka kuuvunja.

Nikatua kuni. Sikuwa jasiri; nilikuwa nimeishiwa cha kufanya tu. Nikaenda mbele ya Bibi nikapiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," alijibu bila kunitazama, kwa mazoea.

"Bibi, mwalimu anasema meno haya watu hurithi. Baba alianza wapi? Juu au chini?"

"Nyamaza, wewe!" baba mdogo alisema.

Lakini Bibi alikuwa tayari anakaa. Alikaa chini mavumbini, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyokaa kwenye msiba.

"Juu," alisema.

Baba mdogo aligeuka.

"Danieli alianza juu," Bibi akaendelea, akisemea mapajani mwake. "Nilimficha. Nilimwambia kila mtu amechelewa kuota, nikamfungia ndani mpaka ya chini yalipotoka. Alikuwa mtoto wangu wa kwanza, nisingeweza. Baba yenu hakujua. Halafu baba yenu akafa, wewe Klementi ukiwa tumboni. Nilimuua mimi. Nilichagua mtoto, nikamuua mume. Sasa mnataka huyu mwanamke naye amzike Danieli?"

Klementi hakuwahi kumwona baba yake.

"Alikufa kwa nini, mama?" aliuliza. "Hujawahi kuniambia."

"Tumbo. Kuhara na kutapika. Jioni anakula, asubuhi hayupo."

"Peke yake?"

Bibi alifikiri. "Hapana. Walikuwa wengi. Hata watu wa kuchimba makaburi walikosekana."

"Na hao wengine nani aliwaua?"

Upepo ulikuwa ukivuta vumbi uwanjani, na Bibi alikuwa akilikung'uta kwenye kanga mpya, tena na tena, ingawa lilirudi palepale. Baba mdogo alichuchumaa mbele yake. Kisha alinyanyuka, akauendea mlango, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Shemeji, mimi naondoka. Nakwenda hospitali kumwona kaka." Akaisukuma pikipiki mpaka njiani ndipo akaiwasha. Mama hakufungua hadi jua lilipokuwa linazama.

Ningependa kusema kwamba somo la Mwalimu Anjela lilimfungua Bibi. Halikumfungua. Wiki kadhaa tuliishi bila kujua kama baba atapona, na siku hizo Bibi hakula, alikuwa akimngoja afe. Baba alipona. Alirudi na mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, na huo ndio uliomtuliza Bibi. Aliamua kwamba mguu umekubaliwa badala ya roho. Jioni ile baba aliporudishwa, Bibi alivuka uwanja, akamchukua Foibe kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile alipokuja kuomba moto, akamweka mapajani, akamwacha acheke. Mama alitaka kumwambia kwamba sivyo, kwamba ni mteremko tu na maji mazito. Nilimwona akifungua mdomo, kisha akaufunga.

Siri ya meno yake, Bibi alimweleza baba mwenyewe, wakiwa wawili. Sijui walisema nini. Najua kwamba tangu hapo baba alikuwa akienda kula chakula cha jioni kwa Bibi, akichechemea kuvuka uwanja, mpaka Bibi alipofariki.

Sasa mimi ni mwalimu, nafundisha watoto wadogo hapa Newala, na Foibe ni mama wa watu mwenye sauti inayosikika kabla hajafika. Zamani nilimkasirikia Bibi. Niliwawazia watoto waliopelekwa bondeni, ambao mama zao hawakuwa na mlango wa kufunga, nikaona ni watu kama yeye waliowapeleka. Bado nawawazia. Lakini hasira kwa Bibi imeniishia, kwa sababu mwenyewe alipopatwa na jambo hilo, akiwa msichana mdogo na mtoto wake wa kwanza, alikataa. Hakuwa na mwalimu wala shemeji wa kuacha mlango na kuondoka. Alikataa peke yake, akiamini kabisa kwamba mtu atakufa, na mtu akafa.

Akamlea mtoto yule. Akampikia, akamwozesha, akaitwa kwa jina lake kila siku na kila aliyepita njiani. Ninachojiuliza, na sitapata wa kunijibu, ni kitu gani alikuwa akikiona miaka yote ile baba yangu alipokaa mbele yake akila.