Mkwe Wangu Hajawahi Kuonja Nyama ya Jiko Lake

(Jina la mama huyu tunalo. Ameomba tulifiche.)

Mhariri, habari ya kazi. Jina langu usilitoe, Emali ni ndogo na wasomaji wako wengine ni wateja wangu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, mjane, nachoma nyama ya mbuzi kando ya barabara ya Mombasa. Tangu Jumapili sijatulia. Nakaa, nasimama, natoka nje kuangalia majiko mawili, narudi ndani, natoka tena. Jirani ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Jiko la kwanza ni pipa ambalo marehemu mume wangu alilipasua katikati, akalitia miguu na waya wa kuchomea juu. Linatumia makaa. Ndilo lililosomesha watoto wangu. Sasa limetoboka upande mmoja, na moshi wake umenifanya niwe na macho mekundu hadi mgeni anadhani mimi ni mlevi. La pili nililetewa na mkwe wangu, mume wa binti yangu ambaye hapa nitamwita Mwende. Huyu kijana ni fundi wa kuchomelea vyuma kule mjini Wote. Mwende alipomwambia macho ya mama yanaisha kwa moshi, alienda akatafuta pipa zima, akaliwekea mlango na bomba la moshi. Halitaki makaa. Unalijaza maranda kutoka kwa seremala, unayashindilia kuzunguka chupa, unaichomoa chupa polepole libaki shimo, halafu unawasha kwa chini. Linawaka asubuhi hadi jioni bila kuguswa, na nyama inaivia humo ndani, juu ya maranda. Nililia nilipoliona, kwa sababu vijana wangu wa kuzaa hawajawahi kunifikiria hivyo.

Shida ni nyama. Inatoka laini, sikatai, lakini inanuka mbao. Dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa miaka mingi, alitafuna, kisha akaniuliza, "Mama, huyu mbuzi alikuwa anaishi kwa kabati?" Wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini waliporudi safari iliyofuata niliwaona wakila kwa jirani. Basi nikarudia pipa la zamani kimyakimya. Lile jipya naliwasha lionekane linatoa moshi, na kazi yake ni kuchemsha maji ya kuoshea vyombo.

Mtasema, si umwambie tu. Wakamba wenzangu wananielewa. Sisi tuna nthoni, ile heshima ya wakwe. Mimi na mkwe wangu hatushikani mikono, hatukai meza moja, na hawezi kula mbele yangu wala mimi mbele yake. Neno lake kwangu linapitia kwa Mwende, na langu kwake vivyo hivyo. Mama mchungaji ananiambia hayo ni mambo ya kale, tuliokoka tukayaacha. Hata mimi nimeokoka, lakini nikimwona huyo kijana akija, miguu yangu yenyewe inageuka kuelekea nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo hapa kwangu hajawahi kula hata kipande. Mwende akija kunisalimia ndipo namfungia nyama ampelekee. Sasa niambieni ukweli, nyinyi mnaweza kumpelekea mkwe nyama inayonuka kabati? Mara ya kwanza nilichagua paja zuri, nikalichoma kwa pipa la marehemu, kwa makaa. Mwende aliporudi alikuwa anacheka. "Mwaitu, mama yangu, amelamba vidole. Anasema hakujua jiko lake linaweza kuchoma hivyo."

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Mwambie nimeshukuru." Na tangu siku hiyo kila nyama ninayomtumia naichoma kwa pipa.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, Mwende alikuja na uso unang'aa. "Mwaitu, ameacha kazi kwa yule tajiri aliyemwajiri kule Wote. Anataka kutengeneza majiko ya maranda auzie hoteli zote kuanzia hapa mpaka Mtito Andei."

Nikamuuliza, "Na nyama ya hilo jiko ameonja wapi kwingine?"

"Si hii yako? Mbona aonje kwingine?" Halafu akaongeza, taratibu, kwamba mumewe anakuja Krismasi kunitengenezea kubwa zaidi. Vyuma vimepanda bei, basi atakata lile pipa la baba atumie vipande vyake. "Limezeeka hata hivyo," akasema. Mwende ana mimba ya miezi saba, na mumewe hana tena mshahara.

Wasomaji, nimechoka kuwaza. Nikimtuma Mwende na ukweli, atakuwa amebeba hadi nyumbani kwake maneno kwamba mama yake amemdanganya mume wake mwaka mzima. Huyo kijana ana haya, hatakanyaga hapa tena. Nikinyamaza, atauzia watu jiko linaloharibu nyama, na watamcheka kama nilivyochekwa, na pipa la mume wangu litakuwa limeshakatwa. Mimi najua yeye ni fundi. Pengine ni maranda tu ya kubadilisha, pengine ni bomba, akijua atarekebisha. Lakini atajuaje, kama mtu pekee anayejua ni mimi na mimi siwezi kusimama mbele yake?

Nimewaza pia nisiseme neno lolote, nimpelekee nyama iliyoiva ndani ya jiko lake, ulimi wake umwambie. Lakini kumpelekea mkwe nyama mbaya ukijua ni mbaya, kwetu ni kama kumwambia hatumtaki.

Mwisho wa mwezi Mwende atakuja na kikapu chake kama kawaida, kuchukua nyama ya mumewe. Nishaurini ndugu zangu, hiyo nyama niichome kwa jiko lipi?