Gari Linaloonekana Kutoka Barabarani

Jumanne, 14 Mei 2024, manyunyu tangu alfajiri. Afisa wa kata alifika Misima na amri ya kuondoa pikapu mbovu uani kwa Bibi Shamimu, ambamo kuku wake wote hutagia. Kama kawaida yake, alilamba kidole, akafunua sheria ndogo, akasoma kwa sauti ya mkutanoni: “Gari bovu linaloonekana kutoka barabarani.”

“Basi nenda barabarani, mwanangu, uniambie kama unaliona.”

Alikwenda. Aliona ua wa michongoma tu. Akachuchumia, akaruka mara mbili, akafuta tope viatuni kwa leso, akaandika taratibu: “Halionekani.”

“Kwaheri, Bibi,” akaaga.

Kesho yake asubuhi Bibi alimkuta ameegemeza ngazi kwenye nguzo ya umeme kando ya barabara, yuko juu, anafuta miwani.