Wimbo wa Upande wa Pili

Juzi pale sokoni Kwa Mrombo, katikati ya mitumba, niliona sahani ya santuri yenye fuvu jekundu kwenye jalada. Papo hapo nikawa mtoto tena, sebuleni kwa baba mdogo, kule Njiro.

Sebule ilinuka kahawa na makaratasi ya zamani. Magitaa yalinguruma mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Baba mdogo hakukaa. Alizunguka meza akitoa hukumu. "Hawa wana mpiga ngoma! Wale wengine ni nywele tu na kelele."

Alipokwenda jikoni, wimbo wa polepole ukaanza. Alirudi mbio, mikono ikichuruzika maji, akainua sindano kwenye sahani.

"Baba mdogo, mbona huu unauruka kila siku?"

"Umeharibu sahani nzima, huo."

Nikaamini kwamba nyimbo za polepole huharibu mitambo. Kanisani, tenzi za taratibu zilipoanza, nilikitazama kinanda kwa wasiwasi. Mama mdogo, mke wake, tulikuwa tumetoka kumzika kijijini Nduruma, lakini hayo mawili sikuyaunganisha.

Sahani niliinunua. Jana nikaiweka, nikaapa kuusikiliza wimbo ule mpaka mwisho. Baba mdogo alinidanganya. Humo ndani hakuna mzuri kuuzidi. Ila ulipofika katikati niliitambua ile sauti: ndiyo aliyokuwa akiiimba mama mdogo bila maneno, akichagua mchele mlangoni.

Nikanyanyuka haraka, nikainua sindano.