Bibi Niliyemlainisha Mashavu

Jamani, ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi hutengeneza sanamu za kompyuta hapa Lindi mjini, zile unazozizungusha kwenye simu ukaziona pande zote. Juzi Baba Tekla wa Rondo alinitumia picha za mama yake, nimtengenezee uso wake kwa ajili ya wajukuu walioko mbali.

Kwenye kompyuta uso ulikuwa laini, lakini nikiuhamishia kwenye simu unatoka vipande vipande, kama muhogo uliomenywa kwa panga. Nikamtumia hivyo hivyo aone nilipofikia. Akapiga simu.

"Fundi, safi. Ila hiyo mistari ya usoni iangalie vizuri."

"Usijali, mzee, naimaliza leo."

"Ndiyo maana nikamtafuta Mmakonde mwenzangu."

Nikaulainisha uso. Mashavuni mistari ikabaki, nikailainisha tena kwa hasira, mpaka bibi akang'aa kama yai lililomenywa. Nikajipongeza kwa soda baridi.

Jumapili nikaupeleka mwenyewe, ukoo mzima umekaa ukumbini. Bibi akaishika simu, akauzungusha uso huku na huku.

"Mzuri. Binti wa nani huyu?"

Ndipo nikamtazama. Mashavu yote mawili yamejaa nembo, zile chale za wazee wetu, safu kwa safu.

"Nilichanjwa nikiwa mwali, sikutoa hata chozi," akasema. "Wewe, Mmakonde mzima, umenifuta kwa kidole?"

Ukoo mzima ukanigeukia. Nikainama kwa heshima zote nimpe shikamoo na kumwomba radhi, nikajikuta nasema:

"Marahaba, bibi."