Hapana ya Tatu

Steki ndiyo iliyomponza Arlen Tollefson. Angeikataa ile steki, leo asingekuwa amekaa jikoni kwake mwenyewe, mikono mapajani kama mgeni, akikodolea macho kalamu ya mtu mwingine.

Mwaliko ulikuja kwa posta, kama unavyomjia kila mtu wa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, anapokaribia kustaafu: njoo na mkeo, kula bure, sikiliza kidogo. Mwalikaji alikuwa Brandt Ekdahl, mshauri wa mipango ya kustaafu, kijana wa palepale mjini, aliyepata kipaimara siku moja na binti yake Arlen. Arlen alikula steki, akala viazi, akafungiwa na keki ya kupeleka nyumbani. Lo! Kwa watu hawa ukishakula cha mtu, umekwisha.

Na shida ya Arlen ilikuwa ya kweli, nisimcheke bure. Maisha yake yote ya kazi yameishia kwenye chumba cha barafu cha kiwanda cha bata mzinga, na sasa vidole vyake vinakufa ganzi. Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya shati mpaka mkewe, Marlys, amfungie. Alitaka kuacha kazi majira ya baridi yakiisha, barafu ya ziwani ikiyeyuka, angali anaweza kushika ndoano. Lakini akiba yake ingemfikisha wapi? Hakujua. Akiacha mapema, huenda uzeeni wakaishia kula maharage ya kopo. Akichelewa, vidole ndiyo basi tena. Alihitaji mtu wa kumwambia ukweli, na hilo hakuwa na ubishi nalo.

Ubishi ulikuwa ni mtu gani. Brandt alitaka akabidhiwe akiba yote aitunze, akate fungu lake kila mwaka, Arlen apate faida au apate hasara. Ushauri wake aliutoa palepale penye steki: "Mzee wangu, usiache kazi kabla ya miaka sabini. Akiba ikae, inenepe." Inenepe, ndiyo, na fungu lake nalo linenepe! Tena ukishamwajiri Brandt humfukuzi. Utamfukuzaje mtu anayekupitishia kikapu cha sadaka kila Jumapili?

Kulikuwa na mwingine, Bi Delgado, yuko Minneapolis ila kwao ni New Jersey, mbali huko mashariki. Huyo unamlipa saa zake, anakupigia hesabu, mnaachana. Wiki iliyopita Arlen alijifungia gereji akampigia simu. Mama wa watu akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa, unataka nikufanyie kazi hiyo?"

"Aa, sitaki kukusumbua," akajibu Arlen.

"Sawa. Kila la heri," akasema Bi Delgado, akakata.

Arlen alibaki na simu mkononi, mdomo wazi. Maana huko kwao mtu haitikii mara ya kwanza hata awe anakufa njaa. Ukikaribishwa kahawa, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa, ila kwa sauti ya chini. Mara ya tatu ndiyo unasema haya, tone tu, na unajaziwa kikombe pomoni. Ya tatu haikataliwi. Ukiikataa umemtukana mwenzio. Mimi nimeishi nao, na nimewahi kutazamwa kwa jicho la ajabu kwa kuitikia kahawa mara moja tu. Bi Delgado hakuyajua hayo. Brandt alizaliwa nayo.

Ndiyo maana alasiri ile alikuja mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akaketi.

"Basi, mzee Arlen, tuanze?" Akasukuma karatasi mezani.

"Aa, usijisumbue, bwana. Wewe una watu wengi."

Brandt akatabasamu. Akaisifu keki ya Marlys, akauliza hali ya wajukuu, akalalamikia theluji. Kisha, kwa upole wa daktari wa meno, akasema, "Haya, niandike tu majina yenu hapa?"

"Hapana," akasema Arlen. Hii aliitoa tumboni, kwa dhati kabisa.

Brandt akacheka. "Hiyo ya pili, mzee wangu." Akafungua kifuniko cha kalamu.

Mtu aseme nini katika mji huu ili hapana yake iwe hapana? Arlen akamtazama Marlys, Marlys alikuwa anafuta meza mahali pasipo na uchafu. Akajiona miaka mingine kwenye kile chumba, glavu juu ya glavu, mizoga ya bata mzinga ikimpitia mbele ya uso. Machozi yakamlenga, akaona aibu.

Sasa, kwa watu hawa mgeni akitaka kuondoka hujipiga mapaja akasema "Haya, basi," na wote wanainuka. Mgeni, nasema. Mwenyeji hana namna ya kumtoa mtu. Brandt akavuta pumzi kuuliza mara ya tatu, na Arlen akajipiga mapaja, pa!

"Haya, basi," akasema. Akainuka, akavaa koti, akatoka nje ya nyumba yake mwenyewe.

Ndani ya pikapu yake, baridi ilikuwa ileile ya kazini. Alikaa kwenye usukani bila kwenda popote, kwani angekwenda wapi? Akampigia Bi Delgado.

"Bwana Tollefson? Si uliniambia hutaki?"

"Nilisema sitaki kukusumbua."

"Mimi hayo siyajui, baba. Unanihitaji au hunihitaji?"

Arlen akakohoa.

"Ndiyo," akasema. "Nakuhitaji. Nataka kuacha kazi nikiwa bado na vidole."

"Haya, njoo Jumanne."

Mlango wa pili ukafunguliwa, Marlys akaingia na aproni yake, meno yanagongana.

"Kaondoka?" akauliza Arlen.

"Aondoke wapi! Anakula keki. Nimemwambia nakuja kukutazama. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Yule mama wa Minneapolis. Kaniuliza kama namhitaji. Nikasema ndiyo."

"Mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Marlys akafuta ukungu wa kioo kwa aproni.

"Mimi nilipokuomba unioe, nilikuuliza mara tatu," akasema. "Ile ya pili nililia usiku kucha."

Arlen akamshika mkono kwa vidole visivyosikia kitu.

Brandt akatokea kwenye dirisha la jikoni. Akawainulia jagi la kahawa yao wenyewe, akiwakaribisha ndani. Marlys akatikisa kichwa. Brandt akaliinua tena, akitabasamu; Arlen akatikisa kichwa. Brandt akaliinua mara ya tatu.

Wakatikisa vichwa wote wawili.

Tabasamu likamtoka Brandt. Akalishusha jagi taratibu, akabaki anawatazama kama watu asiowajua. Marlys akajifunika uso na aproni kwa haya, na Arlen hakumwachia mkono. Wakakaa humo garini wakitetemeka, wakimngoja mgeni wao avae viatu.