Majina Kabla ya Selo

Harufu ya ngozi ya mbuzi inayoota moto wa magunzi ndiyo inanirudisha Handeni ya utoto wangu. Ngoma yetu ya selo, mchezo wa sisi Wazigua, ilikuwa haiitiki mpaka ipashwe moto. Ikishapashwa, nakwambia, mlio wake unafika Korogwe, unavuka Mto Pangani, unapanda Vugiri kuwaamsha Wasambaa na mablanketi yao. Usinibishie, nilikuwepo.

Mwaka huo tulikuwa wageni kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule. Lori lilitukuta asubuhi, jioni tumeshahama. Kwa haraka ile tulibeba mpaka kuku anayeatamia, na mayai yake, na mafiga yenye moto. Kitu kimoja tukasahau: kuaga makaburini. Bibi yangu, Bibi Mwamvua, mwenye ile ngoma, alikumbuka tumeshafika. Tangu siku hiyo hakuigusa. "Wazee watatutafuta," alisema, "watakuta mahame."

Basi shamba la kijiji likatoa mavuno ya kwanza, Mwenyekiti akatangaza sherehe, kila kabila lilete ngoma yake. Bibi akaomba kitu kimoja tu: kabla ya selo, awataje wazee na kuwaeleza tulikohamia. Mwenyekiti akakataa.

"Bibi, mambo ya mizimu tumeyaacha kule. Hapa tunajenga taifa. Wewe piga ngoma."

"Bila wao hiyo si selo, baba. Ni kelele."

"Basi Wazigua mtakosa zamu."

Tukose zamu, sisi, kwenye nchi ya babu zetu! Nyumbani hakuna aliyekula siku hiyo, na mimi nilikuwa mtoto wa kumaliza sufuria peke yangu.

Siku ikafika. Wamasai waliruka mpaka nikahofia watagonga jua. Wasambaa nao wakacheza. Bibi akaingia uwanjani, ngoma kwapani, mkononi kibuyu cha maji yaliyokorogwa unga wa mahindi. Hakupiga. Aligeukia tulikotoka, akanyunyiza, akaanza kuita majina, mmoja mmoja, na baba wa kila mmoja. Mwenyekiti akainuka kwenda kumzuia. Yuko katikati ya hatua, Bibi akataja jina la marehemu baba wa Mwenyekiti mwenyewe. Mguu wa mtu yule ukabaki hewani. Mpaka leo sijui aliurudishaje chini. Kisha akachuchumaa, kama tufanyavyo Wazigua wazee wetu wakitajwa. Uwanja mzima ukachuchumaa, hata Wamasai na mikuki yao. "Tupo huku sasa," Bibi akawaambia wazee. "Msihangaike mahameni." Ndipo akapiga. Nilicheza huku nalia, na hapo siongezi chumvi.

Siku hizi tuna tamasha la utamaduni, mahema, spika kubwa kama vibanda, watoto na sare zao za kushonesha za ngoma. Ni vizuri, angalau tunakumbukwa. Ila kila kikundi kina dakika zake. Bibi sasa ni jina, Mwenyekiti naye ni jina, na ngoma ninayo mimi. Juzijuzi nikiwa nayataja majina, mshereheshaji akaninong'oneza. Ni mjukuu wa Mwenyekiti yule yule.

"Shikamoo bibi. Muda umekwisha, pigeni tu ngoma."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndio kwanza nimefika kwa babu yako."

Akaitazama simu yake, akaitia mfukoni. Akachuchumaa, kipaza sauti amekiinua juu, mpaka kwenye mdomo wangu.