Chupa ya Uji Mlangoni

Shuleni tulifundishwa kwamba bug ni mdudu, basi. Nilimaliza kidato cha nne nikiamini hivyo. Hayes, pembezoni mwa London, ndiyo iliyonifundisha mengine, kwenye jiko kubwa tulikokuwa tukipanga trei za chakula cha abiria wa ndege. Kompyuta ya stoo ikigoma, ina bug. Ukimuuliza msimamizi mara mbili habari ya zamu yako, unam-bug, yaani unamkera. Siku nilipomwambia kwamba London ni mji wangu wa nne, na kwamba humo humo nimeshahama mitaa ya Croydon na Tooting, alicheka akasema nina bug ya kusafiri na hiyo haina dawa.

Bug nyingine niliifahamu kwa mzee mmoja wa Kipemba aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alitoka kwao kwa hofu, ujana wake, na kwake bug ilikuwa kile kidude cha kunasia maneno ya watu. Kila Jumapili nilikwenda kwake kunywa chai. Tukifika kwenye mambo ya nyumbani, aliinuka akafungua bomba la jikoni, maji yakamwagika kwa kelele ndani ya sinki, ndipo akazungumza.

"Mzee, hapa nani atusikilize?"

"Hakuna, mwanangu. Mkono tu umeshazoea."

Watoto wake walikuwa wakubwa na walimjibu kwa Kiingereza kwenye simu. Mimi sikuwa na mtu. Wiki nzima niliitwa kwa namba ya kwenye kadi ya kazini. Jumapili naitwa mwanangu. Nilikuwa nikiisubiri sauti ya lile bomba kuanzia Jumatatu.

Mwisho wa mwaka ule wa tisini na tisa watu wote walikuwa wakiihofia bug ya kompyuta, eti mwaka mpya ukiingia mashine zitasahau tarehe. Iliyotufika sisi ilikuwa ya tumbo. Walianguka wawili kwenye zamu yetu, wa tatu mimi. Sheria ya jikoni ilikuwa ukae nyumbani mpaka zipite saa arubaini na nane tangu ulipotapika mara ya mwisho, na usimfungulie mtu. Niliishika sheria ile kwa haraka. Nilijiona nimeshakuwa mtu wa London.

Siku ya pili, mchana, nikasikia hodi.

"Nani?"

"Nani mwengine akupigie hodi Hayes hii? Fungua."

"Shikamoo, mzee. Usiingie, nina bug. Itakupata."

"Marahaba. Nimekaa na wagonjwa wa kipindupindu mimi, leo niogope tumbo lako?"

"Kazini wamekataza."

"Wamekataza nisikukague?"

Nilikuwa nimeegemea mlango, mkono juu ya kitasa. Kwetu mgonjwa hukaguliwa, huendewa kujuliwa hali. Hutandikiwa ukumbini ili watu wamfikie, na asiyekuja huulizwa kulikoni. Nilikuwa siku mbili sijaona uso wa mtu, na uso nilioutaka ulikuwa upande wa pili wa ubao. Sikukizungusha kitasa.

Akakohoa. "Haya. Uji uko hapa chini. Ugua pole."

Nilingoja mpaka viatu vyake viishie ngazini. Kwenye mkeka wa mlangoni palikuwa na chupa nyekundu ya chai, imejaa uji wa pilipili manga, bado wa moto. Niliunywa wote nimekaa chini, mgongo kwenye mlango uleule.

Nilipopona niliiosha chupa kwa maji ya moto na dawa, kama tunavyoosha vyombo kazini, mara tatu. Nilikuwa nikimchungia afya yake. Jumapili nikampelekea.

Mama yangu asingeweza kunisamehe. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata ndimu mbili hutiwa, hata chumvi. Dukani nilipita, machungwa yamepangwa nje, na wala wazo hilo halikunijia.

Mzee aliipokea mlangoni. Akafungua kifuniko, akachungulia ndani, ile harufu ya dawa ikatoka.

"Imesafika," akasema. "Ungeliiacha tu mlangoni, mwanangu."

Hakunifukuza. Aliniwekea chai ya tangawizi, ile ile, na kikombe changu kilekile. Nikamuuliza habari za nyumbani, barua gani zimekuja, nani kasema nini. Nikaliangalia bomba.

"Kuzuri tu," akasema. Halafu akaniuliza kama treni zilikuwa zikienda vizuri wiki ile.

Nilikwenda Jumapili mbili zaidi, na bomba likabaki limefungwa. Kabla ya baridi kwisha nilishapata chumba Stratford, upande wa pili wa mji. Msimamizi aliponisainia karatasi za kuondoka alitikisa kichwa: ile bug yako ya kusafiri. Nikaitikia ndiyo, ndiyo hiyo.